Siku Niliyomjibu Zuhura Kando ya Ziwa

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua la kuchoma, kisha manyunyu tena. Nguo zimeanikwa na kuanuliwa mara tatu. Naandika nikiwa nimeketi sakafuni, miguu bado ina matope ya asubuhi. Sijaoga. Kwenda bafuni ni lazima nipite mbele ya mlango wa Zuhura.

Leo nimemuumiza mtu mbele za watu, na watu wakanisifu.

Majina yote nimebadilisha. Blogu hii inasomwa na wasichana wawili niliosoma nao, na labda mtu mwingine aliyepotea njia mtandaoni, lakini baada ya leo sijiamini tena na siri ya mtu. Huenda hata kuandika hivi ni makosa. Ila nikikaa nayo kifuani sitalala.

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, mimi na Zuhura hutoka kwetu Ziwa la Ng'ombe tukatembea mpaka kwenye machimbo ya mawe ya zamani. Nilipokuwa mdogo yalikuwa mashimo matupu na tulikatazwa kuyakaribia. Sasa yamejaa maji yakawa maziwa mawili, yamezungushiwa mivinje na nyasi, na kati ya ziwa dogo na ziwa kubwa imetandikwa njia ya matofali ya kabro inayopita bustani tatu na kurudi pale ilipoanzia. Watu huiita duara. Ukimaliza duara moja bila kusimama, akina mama wa pale wanaanza kukujua kwa jina. Mimi hukimbia manne. Ndilo jambo pekee ninaloliweza mbele za watu, kwa sababu mtu anayekimbia haulizwi maneno.

Maneno ndiyo shida yangu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, nasubiri chuo, na mpaka leo nikitumwa dukani husimama kwanza mbele ya kioo nikajizoeza. "Shikamoo. Naomba sukari nusu na majani ya chai." Nikifika dukani naisema vizuri kabisa. Kisha mwenye duka anauliza majani gani, ya pakiti au ya kupima, nami nabaki nimemtazama kama aliyeniuliza kwa Kichina.

Jambo hili la kioo lilijulikana na mtu mmoja tu duniani, nami ndiye niliyemwambia.

Zuhura ni mtoto wa mjomba. Mjomba na mkewe walifariki tukiwa wadogo, akalelewa kwetu, ananizidi miaka minne. Mtoto wa mjomba ni mtani wako, hilo huchagui. Na utani una sheria ambayo Mama alitufundisha wakati mmoja na sura ya Alhamdu: ukitaniwa huna ruhusa ya kukasirika. Unajibu, au unacheka. Atakayenuna ndiye mwenye makosa, hata kama alichoambiwa kimemchoma mpaka mfupani.

Mimi nilikuwa wa kucheka. Yeye alikuwa wa kusema. Aliniita Korongo kwa ajili ya miguu yangu, na tukipita kando ya ziwa dogo, wakiwapo korongo wenyewe wamesimama kwa mguu mmoja majini, huwapazia sauti: "Shikamooni wazee, binti yenu huyu nimewaletea." Kisha hunigeukia. "Nijibu basi, Korongo. Natania ukuta mimi?"

Alinitaka nimjibu. Hili nataka liandikwe, kwa sababu kesho nitaanza kulisahau. Miaka yote ile alinitaka nimjibu.

Hata siku ya harusi yake nilimwangusha. Mtani ndiye anayekaa mlangoni mwa chumba cha bibi harusi na kumzuia bwana harusi mpaka aridhishwe. Ni mchezo, kila mtu anaungojea, watu hupiga vigelegele. Nilikaa mlangoni. Bwana harusi akaja, akasema, "Hebu nipishe, shemeji." Nikampisha. Zuhura alilicheka hilo wiki nzima.

Miezi saba baadaye alilitaja mara moja tu, bila kucheka. "Laiti ungemzuia," alisema.

Maana alikuwa amerudi. Ilikuwa Ramadhani, saa tisa alasiri, mtaa mzima umejilaza na saumu yake. Mama alikuwa amekwenda Likoni kumtazama mgonjwa. Nilisikia magurudumu nikafungua geti, nikaona mkokoteni, wa aina ile inayobeba magunia ya vitunguu sokoni Kongowea. Juu yake godoro, sufuria, makabati mawili, na juu kabisa meza ya kujipambia iliyofungwa kwa kamba, kioo chake kikitazama nyuma. Zuhura alikuwa akiufuata kwa miguu. Kwa hiyo njia nzima, kutoka kwa mumewe mpaka kwetu, alikuwa akijitazama.

Mume hakuja. Hata eda hakumwacha aikalie kwake.

Tulishusha vitu haraka haraka, mimi na yeye na mtu wa mkokoteni, kabla mtaa haujaamka. Kisha akanishika kifundo cha mkono. Aliniambia mimi sikuona kitu. Yeye ameomba talaka mwenyewe, na ameondoka mwenyewe, kwa tuktuk. Mama aliporudi akaambiwa ukweli, na sisi watatu tukakubaliana kwamba kwa watu, ile ya tuktuk ndiyo ilivyokuwa. Sababu ya kuachwa sijaijua mpaka leo. Hakuisema, na mimi si mtu wa kuuliza.

Chumba chake ni kidogo, kwa hiyo ile meza ya kioo ililetwa chumbani kwangu. Ipo hapa. Naiona ninapoandika.

Tangu hapo utani wake ulibadilika. Zamani alinitania miguu, sasa akawa ananitania maisha. Kwamba alama zangu za mtihani ni za kufungia bajia. Kwamba nikija kuolewa, kadhi atadhani nimekufa kwa kuwa sitaweza kusema ndiyo. Haya alikuwa akiyasema mbele ya akina mama wanaokaa kwenye kiti kirefu cha saruji kando ya ziwa kubwa, ambapo kila mtu husimama kunywa maji baada ya kukimbia. Walikuwa wakicheka sana. Zuhura ni mtu wa kuchekesha, wallahi, hata mimi wakati mwingine nilicheka kabla sijakumbuka kwamba ni mimi.

Mmoja wao ni Mama Kevo, mtu wa bara, anafanya kazi kiwandani Changamwe na huja siku ambazo zamu yake ni ya mchana. Wiki ya kwanza alituuliza kwa mshangao, "Kwani nyinyi mnapendana ama mnachukiana?" Zuhura akamjibu kwamba sisi ni watani, na Mama Kevo akasema kwao mtu akiambiwa hivyo anarusha kiatu.

Mwingine ni Bi Rahma.

Bi Rahma ni mtu mzima wa Kisauni, hakimbii bali hutembea, na huongea polepole kama anayehesabu tasbihi. Ana kaka yake aliyefiwa na mke, na kwa ajili ya kaka huyo alikuwa amemtazama Zuhura kwa muda. Siku moja alimuuliza waziwazi ilikuwaje kwa yule mume wa kwanza. Zuhura akamwambia aliomba talaka mwenyewe na akatoka kwa miguu yake. Bi Rahma akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alisema anampenda mwanamke anayejua kuondoka.

Kuachwa si aibu kubwa huku kwetu. Wengi wameachwa wakaolewa tena vizuri. Zuhura angeweza kusema kweli, na huenda Bi Rahma angekuja vilevile. Lakini alikuwa ameshasema alichosema.

Ijumaa hii, baada ya Alasiri, Bi Rahma na shangazi zake walikuwa waje kwetu kuuliza posa ya yule kaka. Wiki nzima Zuhura amefua mapazia mara mbili. Amenunua udi. Jana nilimkuta anafagia juu ya kabati, mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona.

Sasa leo.

Nilikuwa namaliza duara la nne. Zuhura alikuwa amekimbia moja na nusu, kisha akaenda kukaa kitini na wenzake. Kutoka mbali niliona mikono yake ikipaa hewani, nikajua nasimuliwa. Nilipofika, nimeinama nashika magoti, akaanza upya ili na mimi nisikie.

"Mnamwona Korongo wangu huyu? Akitumwa sukari hujizoeza kwanza mbele ya kioo. 'Shikamoo. Naomba sukari nusu.' Wallahi tena. Anakiamkia kioo."

Wakacheka. Mmoja akaiga, akaitazama chupa yake ya maji na kuipa shikamoo. Mwingine akaijibu marahaba kwa niaba ya chupa. Nilimtazama Zuhura, na akaniona ninavyomtazama, na akajua amechukua kitu gani. Najua alijua. Lakini watu walikuwa wanacheka, na yeye kicheko cha watu hakiachi njiani.

Bi Rahma akasema, "Muache mtoto."

"Nikimuacha, Bi Rahma, atakaa kwetu mpaka mivinje hii ikauke. Posa gani itakayomjia huyu? Labda ya kioo."

Nikanyanyuka. Sikutetemeka. Sauti iliyotoka ilikuwa safi, ya mtu mwingine kabisa.

"Angalau mimi sijarudishwa kwa mkokoteni, mchana wa Ramadhani, hata eda sijaikalia."

Wakaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia kikinihusu mimi isipokuwa kwa kunicheka. Mama mmoja alinipiga begani. Mwingine alisema Korongo kapata mdomo leo, mshikeni asiruke. Walinitazama kama mtu. Nilikuwa nimesimama katikati yao, natoka jasho, na ilikuwa tamu. Sitadanganya hapa. Ilikuwa tamu kama maji ya kwanza ya magharibi baada ya saumu.

Aliyecheka kuliko wote ni Zuhura.

Alilazimika. Ndiyo sheria. Alirudisha kichwa nyuma akacheka mpaka leso ikamwanguka, akanipiga kiganja. "Alhamdulillahi," akasema. "Mtani wangu si bubu." Kisha akaokota leso akajifunga, akaifungua, akajifunga tena kwa kuikaza sana, kama mtu anayezuia tumbo.

Mama Kevo hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Hiyo imeingia."

Na Bi Rahma alikuwa ameacha kucheka. Alifunga kifuniko cha chupa yake, iliyokuwa tupu, akakizungusha mpaka mwisho.

"Mkokoteni?" aliuliza.

"Utani huo, Bi Rahma," Zuhura akasema.

Bi Rahma hakumtazama Zuhura. Alinitazama mimi. Nami nilielewa ninachoulizwa. Ningeweza kusema, "Ni utani tu, bibi." Maneno manne. Hata kwa mtu kama mimi ni machache. Zuhura naye alinitazama, bado anacheka, na macho yake hayakuwa yanacheka.

Niliinamisha kichwa nikatazama kabro.

Kila mtu pale alidhani naona haya.

Tuliondoka. Zuhura alitangulia kwa mwendo wa kukimbia, yeye ambaye kurudi hutembea siku zote akilalamika kuhusu kiuno chake. Mimi nyuma. Nilimwona visigino tu, na raba zake zilizoliwa upande mmoja. Tulipofika ziwa dogo korongo walikuwapo, wanne, wamesimama majini chini ya manyunyu. Alipita bila kuwaamkia.

Nyumbani alimsimulia Mama mwenyewe. Kabla sijavua viatu alikuwa ameshaanza, anacheka, ananiiga nilivyonyanyuka, ananiiga sauti. Aliisema ile sentensi vizuri kuliko nilivyoisema mimi. Mama alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Alimtazama Zuhura kwa muda mrefu, na Zuhura akaendelea kucheka na kumngoja, mpaka Mama naye akacheka kidogo, kwa sababu angefanyaje.

Baada ya Adhuhuri simu ya Mama ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Bi Rahma. Tuliusikia sote jikoni. Alitusalimia mmoja mmoja, akauliza hali ya shinikizo la damu la Mama, akaombea mvua iwe ya kheri. Mwisho kabisa akasema Ijumaa wamepata udhuru. Watatuarifu siku nyingine, inshallah.

"Inshallah," Zuhura akasema. Alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kuikuna mpaka nyama nyeupe ikaisha, akaendelea, mpaka mbuzi ikaanza kukwaruza kifuu na ungaunga wa kahawia ukawa unaingia kwenye nazi ya tui letu. Hakuna aliyemwambia asimame.

Mama alinifuata uani nilipokwenda kuanua nguo.

"Yeye haruhusiwi kukukasirikia," aliniambia. "Unajua hilo?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi nitakukasirikia mimi kwa niaba yake." Akachukua nguo zake tu kwenye kamba, zangu akaziacha zinanyeshewa.

Hajasema nami tangu hapo. Nashukuru. Angalau mtu mmoja ananipa haki yangu.

Sasa niandike lile lililonifanya nifungue ukurasa huu.

Ile sentensi sikuitunga pale ziwani.

Niliitunga wiki ya tatu baada ya yeye kurudi, siku aliponitania alama zangu. Niliitengeneza kidogo kidogo. Mwanzoni haikuwa na Ramadhani ndani yake. Eda niliiongeza baadaye, nilipoona bila hiyo haichomi vya kutosha. Niliisema mbele ya kioo hiki hiki kilichopanda mkokoteni, kila siku akinichokoza, nikajifunza mahali pa kuvuta pumzi. Ndiyo maana sauti haikutetemeka. Nilikuwa nikijiambia ni ya kujipoza moyo, siwezi kuisema kamwe, maana lini mimi nimesema kitu.

Nilijua Bi Rahma amekaa pale?

Nilijua.

Yeye aliitoa siri yangu kwa sababu hawezi kujizuia watu wakicheka. Ni ubaya, lakini ulimjia pale pale, kama chafya. Wangu niliufuga. Nimeufuga miezi, nikiulisha, nikimtazama anavyofua mapazia.

Mchana, tulipokaa kula, Zuhura aliniambia, "Naomba maji, dada yangu." Nilidhani sikusikia vizuri. Tangu nizaliwe hajaniita dada. Nimekuwa Korongo, bubu, mlingoti, mke wa kioo. Nikampa maji. "Asante sana," akasema, akayapokea kwa mikono miwili. Baadaye aliniuliza kama chakula kimenitosha. Alipotaka kupita nyuma yangu alisema, "Samahani."

Hajanuna. Hakuna atakayeweza kusema Zuhura amenuna. Anatabasamu. Ameacha tu kunitania.

Nimefunika kioo kwa leso. Alfajiri nitavaa raba mapema kuliko yeye na kusimama mlangoni, na safari hii sitampisha mtu. Nitamwomba msamaha bila kujizoeza, vyovyote maneno yatakavyotoka. Kisha niende kwenye kile kiti cha saruji. Nimwambie nini Bi Rahma? Kwamba mimi ndiye mwongo? Au kwamba nilichosema ni kweli, na kwamba aliyeona yote akanyamaza kwa miezi ni mimi, na Zuhura alikuwa anaficha jeraha tu? Sijui lipi kati ya hayo litamletea watu Ijumaa. Huenda hakuna.

Nataka tu, tukifika ziwa dogo, awasalimie wale ndege. Aniseme. Aniseme mpaka achoke.

Nilikuwa naandika mstari huo wa juu mlango ukabishwa. Zuhura hajawahi kubisha mlango wangu. Huusukuma kwa nyonga na kuingia na tusi tayari mdomoni.

"Hodi," alisema kutoka nje.

Alingoja.

"Bafu liko wazi, dada. Nimekuwekea maji ya moto, kama utapenda."

Nikasema asante. Nikamsikia akiondoka taratibu, hatua za mgeni aliyekuja kwa watu.